Shingo yangu haikukosa chumvi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Gazeti lako nalinunua kila Jumapili, na ukurasa wa afya ndio ninaoanza nao. Ndiyo maana jibu mlilompa yule dada wa Jumapili iliyopita limenikaa moyoni wiki nzima.

Dada aliuliza kuhusu shingo yake iliyovimba kwa mbele. Alisema anachoka tangu asubuhi, nywele zinapukutika, choo kigumu, na anasikia baridi hata mchana wa jua kali. Mwandishi wenu akamjibu kwamba hilo ni rovu la kukosa madini joto: aongeze chumvi kwenye mboga, anywe unga wa mwani kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na asikubali kuanzishiwa vidonge vya maisha kwa kuwa vinauchosha mwili. Nimelisoma jibu hilo mara tatu. Dalili zote alizotaja dada nimeziishi, na yote aliyoshauriwa nimeyafanya. Najua yanampeleka wapi, kwa hiyo naomba nafasi nieleze.

Kwangu mimi habari ilianzia kwenye kola. Mwaka 2017, siku chache kabla ya Idi, nilijishonea blauzi ya shingo iliyobana, yenye vifungo mpaka juu. Shingo yangu naijua, ni inchi kumi na tatu na nusu tangu nilipokuwa msichana, kwa hiyo nilikata kitambaa bila kujipima. Blauzi ilipokwisha, kifungo cha juu hakikufika kwenye tundu lake. Nikachukua tepu nikajipima mbele ya kioo cha wateja: kumi na tano kasoro kidogo. Nikasema nimenenepa, nikaongeza kipande cha kitambaa nyuma ya kola, Idi ikapita.

Kunenepa ni kweli nilikuwa nanenepa, ingawa chakula kilikuwa kinanishinda. Lakini kilichonitisha kilikuwa mikono. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi usiku. Nilikuwa naamka saa nane naukung'uta mkono kama mtu aliyeungua. Mchana nikishika sindano siisikii, inadondoka, naitafuta sakafuni kwa sumaku. Uzi nilikuwa namwomba kijana wangu wa kazi anitungie. Mwezi wa Februari, joto ambalo wanaoijua Tanga wanalijua, mimi nimekaa kwenye cherehani na sweta. Sauti ikawa nzito mpaka mteja akipiga simu anasema, "Naomba kuongea na fundi," na mimi ndiye fundi. Hedhi ikawa siku tisa, siku kumi.

Nilikwenda zahanati. Nikapimwa malaria, hakuna. Nikapimwa taifodi, wakasema imesoma, nikachomwa sindano. Baada ya miezi miwili nikarudi, imesoma tena. Hiyo ilikuwa mara nne katika mwaka mmoja. Pengine niliambiwa vidonda vya tumbo, pengine presha. Mara ya mwisho niliambiwa, "Mama, umri umefika," nami nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilinywa kombe pia, na dua sijutii hata moja. Dua hazikunichelewesha. Kilichonichelewesha ni kwamba kwa miaka miwili hakuna mtu aliyeigusa shingo yangu.

Aliyeigusa alikuwa daktari kijana, msichana, umri wa kuweza kuwa mwanangu. Nilikwenda hospitali kwa sababu ya ile hedhi, damu imepungua, natembea nikishika ukuta. Aliniangalia usoni kabla hajaandika chochote, akauliza, "Mama, nyusi zako za upande wa nje zilikwenda wapi?" Nilidhani nimezinyoa bila kukumbuka. Akanipa glasi ya maji, akaniambia ninywe funda moja huku yeye anaitazama shingo, na tezi ikapanda na kushuka pamoja na funda. Kisha akaniambia nipige magoti juu ya kiti, nyayo zining'inie. Akagonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa nyundo ya mpira. Mguu ukaruka, halafu ukarudi taratibu, taratibu, kama mtu anayeitwa na hataki kuitika. Aligonga wa pili, vilevile. Akasema, "Tezi yako ya shingo imelala, mama. Twende tukapime."

Kipimo kinaitwa TSH. Mwenye afya, maabara nyingi huhesabu kuanzia kama 0.4 mpaka 4. Yangu ilikuwa 62.

Hapa naomba nitulie kidogo, maana namba hii huwachanganya wengi. Mtu anasikia TSH iko juu, anafikiri tezi inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume. Tezi ya thairoidi, hii yenye umbo la kipepeo chini ya koo, inatoa homoni inayoamua kasi ya mwili mzima: moyo, utumbo, joto, nywele, hata akili. TSH haitoki hapo. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni amri ya kuihimiza ya shingoni ifanye kazi. Mimi naielewa kwa kazi yangu. Fundi akichelewesha nguo, mteja anapiga simu. Akichelewesha zaidi, simu zinaongezeka. Ukizikuta simu sitini na mbili, jua nguo haijashonwa. Na fundi akiwahi kupita kiasi, simu zinakatika kabisa. Ndiyo maana mwenye tezi inayokwenda mbio TSH yake huwa chini sana.

Daktari aliagiza na kipimo cha kingamwili, damu ikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakarudi baada ya siku kumi: juu sana. Akaniita na mume wangu, akasema, "Kinga yako ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi yako."

Mhariri, mimi nilisikia neno moja tu, kinga. Mume wangu naye alisikia hilohilo. Katika nchi yetu neno kinga limeambatana na upungufu, na upungufu wa kinga kila mtu anajua ni nini. Tulitoka pale hatusemezani mpaka stendi. Usiku ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo namficha. Kesho yake tulirudi wote wawili kwa yule daktari, naye, Mungu ambariki, alitufafanulia upya bila kukasirika. Kwenye UKIMWI askari wa mwili wanauawa na virusi, mwili unabaki bila walinzi. Kwangu mimi askari wapo, wazima, wengi, ila wameikosea tezi yangu wakaiona adui, wanaila kidogokidogo mwaka hata mwaka. Haikutoka kwa mtu wala haiendi kwa mtu. Huonekana katika familia, na huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Mtaani haikuwa rahisi hivyo. Kidonge changu nakunywa kila alfajiri, saa ileile, simu inalia kunikumbusha. Jirani aliisikia simu siku ya kwanza, ya pili, mwezi mzima, akahesabu mwenyewe na jibu akalipata mwenyewe. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua vitambaa vyake ambavyo sijavikata, akasema ameghairi. Nilimwelewa alichoambiwa. Sikutaka kujitetea kwa kusema "sina ule," kwa sababu ninao ndugu wanaotumia dawa za ARV na wanaishi vizuri, nao hawakustahili mimi nisafike kwa kuwachafua wao. Nilichofanya ni kubandika karatasi ya majibu yangu ukutani, pale penye mitindo ya magauni. Aliyetaka kusoma alisoma. Lakini si kila mwanamke ana ukuta wa duka, na wengine wanaacha dawa kwa sababu ya macho ya majirani tu. Hilo peke yake lingetosha kuwa makala katika ukurasa wenu.

Ugonjwa wenyewe una jina la Kijapani. Hakaru Hashimoto alikuwa daktari kijana wa upasuaji, na mwaka 1912 aliandika, kwa Kijerumani, habari za wanawake wanne waliokuwa na rovu la aina ambayo haikuwa imeelezwa kabla yake. Kwenye darubini aliona tezi zao zimejaa chembe zile zinazolinda mwili. Sababu hakuijua. Ilipita miaka arobaini na minne, mwaka 1956, ndipo watafiti wa London walipozikuta kingamwili za tezi kwenye damu ya wagonjwa wa namna hii. Hashimoto mwenyewe alirudi kwao akawa daktari wa watu wa kawaida, akafa mwaka 1934 kwa taifodi. Niliposomewa hilo nilinyamaza, nikakumbuka sindano zangu nne za taifodi ambayo sikuwa nayo.

Sasa nije kwenye chumvi. Sisemi mwandishi wenu amelibuni. Bibi yangu mzaa mama, kule Bumbuli, alikuwa na rovu kubwa, na wanawake wa rika lake kadhaa walikuwa nalo. Milimani mvua imeosha madini joto kwenye udongo kwa vizazi na vizazi, mahindi yanayoota pale hayana, na samaki wa baharini hawakuwafikia. Tezi ikikosa madini joto inatanuka kuyatafuta. Ndiyo sababu nchi yetu iliamua chumvi iwekwe madini joto, na ni jambo jema lililowasaidia watoto wengi wasizaliwe na akili nzito. Mimi lakini nimezaliwa Tanga mjini. Nimekula samaki karibu kila siku ya maisha yangu, na chumvi yangu ni ya pakiti. Mimi na bibi tulivimba mahali pamoja kwa sababu mbili tofauti, na ya kwangu chumvi haiitibu. Chumvi nyingi itamwongezea dada yule presha, basi.

Mwani ndio ulioniumiza. Lakini kwanza nieleze nilivyoharibu mwenyewe kwa chai.

Nilianzishiwa levothairoksini mikrogramu 50. Si dawa ya kuua kitu. Ni homoni ileile ya tezi, imetengenezwa kiwandani, inajaza pengo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni kidogo mno kwa uzito, maana mikrogramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya miligramu. Baada ya wiki sita TSH ikawa 41. Wakaniongezea mpaka 100, ikawa 33. Wakaniongezea mpaka 150, ikawa 27. Daktari akaniuliza kama nakunywa kweli, nikamwapia. Nilikuwa nakunywa kweli.

Aliyefumbua alikuwa mzee wa duka la dawa, mfamasia mstaafu mwenye miwani minene. Nilikwenda kununua za mwezi, akaniuliza, "Mama, hivi vidonge unanywea nini?" Nikasema chai. "Chai gani?" Chai ya maziwa, na vitumbua. "Na hivi vingine?" Vya kuongeza damu, baba, vyote pamoja, nisije nikasahau. Akaweka vile vidonge mezani, akavitenga kwa kidole, kimoja huku, vingine kule. Akasema madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu, na kalsiamu iliyo kwenye maziwa, huikamata ile homoni tumboni na haiingii kwenye damu. Miezi sita nilikuwa nameza kidonge kinatoka kama kilivyoingia.

Tangu siku ile nakunywa alfajiri, kwa maji matupu, halafu naswali, nafagia, nafungua duka, na chai inakuja baada ya saa nzima. Nusu saa ndiyo kidogo kabisa. Vidonge vya damu nilivihamishia usiku, maana vinatakiwa vitengane na hiki kwa saa nne. Mwezi wa Ramadhani naamka mapema kuliko wenzangu, nakunywa, nasubiri, ndipo nala daku. Dada yangu mwenye ugonjwa huuhuu yeye hunywa usiku wa manane kabla ya kulala, tumbo likiwa limekaa saa tatu au nne bila kitu, na vipimo vyake viko sawa. Kubwa ni tumbo tupu na saa isiyobadilikabadilika.

Ila nisifiche kilichofuata. Sasa kidonge kinaingia chote, na mimi bado niko kwenye 150. Wiki ya tano moyo ukaanza kwenda mbio nimekaa, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. TSH ikasoma 0.05. Dozi iliyoonekana ndogo ilikuwa kubwa mno. Wakanirudisha 100, na baada ya wiki nane ikawa 2.1, ikatulia hapo. Ndiyo maana nasema mtu asijipandishie wala asijishushie mwenyewe, na asiende kupima wiki moja baada ya kubadilisha dozi. Mwili unataka wiki sita mpaka nane ndipo namba iseme kweli. Na dada anayetumia vidonge vya bayotini kwa ajili ya nywele zake amwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Vinaweza kulipotosha jibu la kipimo.

Vidole vilirudi kabla ya nywele. Siku niliyotunga uzi mwenyewe, sindano namba kumi na moja, mara ya kwanza tu ukaingia, nilikaa nikalia na kijana wangu wa kazi akatoka nje kwa adabu.

Basi mwaka 2021 nikaacha.

Nilijisikia mzima. Kulikuwa na mtu anauza unga wa mwani, anapita madukani na vipakiti, anasema mwani wetu wa bahari yetu una madini joto mengi, unaamsha tezi, dawa za kizungu zinaharibu figo. Alisema maneno karibu yaleyale ya ukurasa wenu. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Wiki ya pili pia. Nikawaambia wateja nimepona. Sikujua kwamba homoni hii inakaa mwilini muda mrefu. Inapungua nusu kwa kama wiki moja, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea, kwa hiyo mwenye kuacha hudanganyika vizuri sana mwanzoni. Na tezi iliyokwisha kuliwa, ukiimwagia madini joto mengi kwa ghafla, inaweza kuzimika hata kile kidogo ilichokuwa inatoa. Mwezi wa tatu nilisinzia kwenye cherehani mguu ukiwa kwenye pedali. Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Maumivu niliyasikia yakija kutoka mbali. Hospitali, TSH 88. Daktari aliniambia mtu akiachwa hivyo muda mrefu anaweza kupoa mwili, moyo ukaenda polepole, akapoteza fahamu kabisa. Kovu lipo kwenye ukucha mpaka leo. Umeota na mfereji katikati.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuhusu dada yule. Akifuata ukurasa wenu, huenda wiki za mwanzo akajiona sawa, akaandika kuwashukuru.

Wapo na wanaovitamani vidonge hivi. Mwaka jana mteja alikuja kupima gauni la harusi ya mdogo wake, linambana kiunoni, akaniambia, "Fundi, nigawie hata kumi, nimesikia vinapunguza." Nilikataa, na nikamweleza kwa nini. Mwenye tezi nzima akimeza homoni ya ziada anapata ule moyo niliokuwa nao mimi kwenye 150, na akiendelea mapigo yanaweza kuvurugika, mifupa ikadhoofika. Tulitoa mishono ya pembeni, gauni likaingia. Mimi mwenyewe niliongezeka kilo kumi na moja, nikapunguza nne tu, na sijaona sababu ya kudanganya watu kwamba kidonge kimenirudisha wa zamani kwa kila kitu. Chakula nacho wananiletea makatazo: usile kabichi, usile mihogo. Daktari aliniambia mihogo iliyopikwa vizuri, kwa mtu anayekula mchanganyiko na chumvi ya pakiti, haina neno. Nakula.

Nataka pia msomaji ajue kwamba kinga ikikosea tezi inaweza kukosea kwa njia ya pili. Binamu yangu wa Muheza yeye askari wake hawaili tezi, wanaichochea. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka, jasho, moyo mbio, macho yakatokeza kama mtu aliyeshtuka. Wanauita ugonjwa wa Graves. Anatumia kabimazoli, na alipewa onyo ambalo naomba mlichapishe: mwenye dawa hiyo akipata homa au koo likimuuma ghafla, asiseme ni mafua, aende hospitali siku hiyohiyo apimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu mara chache dawa huzishusha. Fikirini sasa mtu kama huyu akipewa unga wa mwani kwa sababu shingo yake imevimba. Na lipo vimbe la upande mmoja, gumu, linalokua haraka, ambalo si la huku wala kule na linataka kuchunguzwa upesi. Kwa barua ya msomaji huwezi kujua ni lipi. Mwandishi wenu angejibu neno moja tu, kapimwe, angekuwa amemsaidia.

Nina binti wa miaka ishirini na nne, ameolewa Korogwe. Aliponipigia kuniambia ana mimba ya wiki saba, nilifurahi na papo hapo nikamwambia aende akapime TSH kabla hata hatujamaliza kuongea. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama, na inayojenga ubongo wake ni hiyo. Kliniki walimpima damu, walimpima VVU na kaswende, kama kawaida. TSH hawakumpima mpaka aliposema, "Mama yangu ana Hashimoto." Ikatoka 7.8. Alikuwa hasikii chochote, hana dalili hata moja. Wakamwanzishia kidonge, wakawa wanampima kila mwezi. Na mwenye kutumia kidonge tayari akishika mimba, mara nyingi dozi yake inatakiwa ipandishwe mapema, kwa hiyo asingoje tumbo lionekane ndipo aseme. Mjukuu wangu sasa ana miezi mitano, ana sauti ya kuamsha mtaa.

Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. Mlisahihishe jibu lile, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, ili aliyelisoma aone. Na mumpelekee dada yule anwani ya duka langu, ninayo nimeiandika kwenye bahasha. Kama yuko Tanga au karibu, aje asubuhi kabla hajanywa chai. Nitampima shingo kwa tepu, tuiandike, kisha nifunge duka tuende naye maabara. Kipimo nililipia shilingi 30,000 mara ya mwisho. Kama hana, tutazungumza. Kliniki ya yule daktari ni Jumatano, na Jumatano mimi sishoni.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga